Namba Iliyofungiwa Sandukuni

Bunda,
3 Machi 2025

Shangazi Tabitha, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta umeamka vizuri na mguu hausumbui kama ulivyosumbua wakati wa msiba. Mimi ni mzima. Huku mvua inanyesha kwa kusitasita na wenye pamba wanainung'unikia. Gody, mwenye duka la steshenari ninakofanya kazi, anakusalimu ingawa hamjaonana. Mke wake amejifungua mtoto wa kike, kwa hiyo karibu wiki nzima duka nimekuwa nalo peke yangu.

Ninaandika kwa sababu mwezi uliopita nilipokupigia ulinikatisha. Ulisema neno la marehemu halisemwi kwenye simu, mwenye neno aje au aandike. Kuja sijaweza.

Neno lenyewe ni simu ya baba. Mwezi wa Desemba niliomba kazi ya serikali, Afisa Uvuvi Msaidizi. Maombi siku hizi yanatumwa kwa mtandao tu. Kila mwombaji ana akaunti moja inayofungwa na kitambulisho chake cha taifa, na kila anapotaka kuifungua mfumo unatuma tarakimu sita kwenye simu yake. Bila tarakimu hizo haingii. Akaunti yangu niliifungua nikiwa bado chuoni, na namba niliyoandika ni ya baba. Laini zangu wakati ule zilikuwa zinapotea na kubadilika. Ya baba haikubadilika.

Tuliifanya kazi hiyo wawili, labda uliwahi kutusikia. Mimi nikiwa kwenye kompyuta, yeye akiwa Murangi, tarakimu zikiingia ananipigia na kunisomea moja moja kwa sauti ile aliyohesabia ndoo za dagaa, halafu anarudia. Mara nyingine aliniuliza kama nikipata hiyo kazi nitakuja kuchoma nyavu zake zilizokatazwa. Nilimwambia nitaanza na za kwake ili wengine waogope.

Walioitwa kwenye usaili wanajulishwa humohumo ndani ya akaunti na kwa ujumbe wa simu. Inawezekana nimeitwa. Inawezekana sijaitwa. Sina njia ya kujua, kwa kuwa simu imezimwa na iko sandukuni, na ufunguo unao wewe. Naomba uniruhusu niipate.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mwanao,
Eufrasia


Murangi,
16 Machi 2025

Mwanangu Eufrasia,

Marahaba. Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako imenifikia jana. Eliud wa gari aliiweka mbele kwenye kioo akaisahau, imekuja na alama ya chupa ya soda. Mguu unanisumbua asubuhi tu, jua likipanda unanyamaza. Dagaa wiki hii hakuna, mwezi ni mkubwa na wavuvi wamelala. Tumekula samaki wa furu mpaka tumechoka. Yule mbuzi mweusi wa baba yako amezaa mapacha, mmoja dhaifu, namnywesha kwa kikombe.

Sasa neno lako. Simu iko sandukuni pamoja na koti, redio na kofia yake ya kanisani. Sanduku litafunguliwa siku ya kugawa vitu, mbele ya baba yako mdogo Isidori na watu wa ukoo. Mimi nimepewa ufunguo niutunze, sikupewa niutumie. Bibi yako alipofariki jembe lake lilikaa ndani msimu mzima na sisi tukawa tunalimaga kwa jembe la kuazima, mvua inapita tunaiona. Hakuna aliyesema jembe ni jembe tu.

Na wewe uliiomba simu hiyo siku ya tatu, watu wa msiba bado wamekaa kwenye majani. Isidori alikujibu neno, kwamba umefuata simu, hukufuata msiba. Nililisikia. Sikulipenda, lakini nilinyamaza kwa sababu ya wageni.

Mimi pia niliombaga kazi, usifikiri sijui. Nilienda misheni ya Nyegina kwa miguu, nikasimama mlangoni mwa jiko. Sista akaniangalia viatu, akaniuliza swali moja, unaamka saa ngapi. Nikamjibu. Jioni hiyo nikaosha sufuria. Hiyo kazi yako ni ya namna gani, ambayo haiwezi kukuona wewe mpaka ione simu ya marehemu?

Umeandika kuja hujaweza. Hukuandika kwa nini.

Shangazi yako,
Tabitha


Bunda,
30 Machi 2025

Shangazi, shikamoo.

Nimefurahi kusikia habari za mbuzi. Huku kuna afya. Mtoto wa Gody ameitwa Sara, na Gody anakuja dukani akiwa na usingizi hata ananikabidhi chenji ya mtu mwingine.

Umeuliza ni kazi ya namna gani. Nitakueleza ninavyoiona kutoka nyuma ya kaunta, kwa sababu siku hizi watu wa Bunda wanaombea kazi zao hapa kwetu.

Wanakuja na simu mkononi. Vyeti vyao viko humo, vimepigwa picha juu ya kitanda, ukingo wa shuka unaonekana. Matangazo ya kazi wanayapata kwenye makundi ya WhatsApp, mengine ya kweli, mengine ya matapeli. Wiki iliyopita mama mmoja alikuja na ujumbe unaompongeza kwa kuchaguliwa kazi ambayo hakuiomba. Nilimwambia ni uongo. Akaniuliza kama nina uhakika, kwa kuwa jina lake waliliandika vizuri.

Kuna kijana anaitwa Mayala, kwao ni wafugaji huko nje ya mji, amesomea uhasibu. Nimempiga picha mara nne mbele ya shuka nyeupe. Mfumo ulizikataa zote, mara kivuli, mara ukubwa wa faili. Ya tano ilipokubaliwa alisema hata baba mkwe wake hakumchunguza hivyo. Ombi lake lilikwenda, na jibu likaja papo hapo kwamba limepokelewa. Alifurahi kana kwamba ameajiriwa. Sikumwambia kwamba hakuna mtu aliyelipokea.

Hakuna mlango wa jiko, Shangazi. Hakuna anayetazama viatu. Kuna watu wanaosema ni afadhali, maana zamani bahasha ya mtu asiyejulikana ilibaki mapokezi, na sasa mtoto wa Murangi na mtoto wa mkubwa wanajaza sehemu zilezile. Nadhani wanasema kweli. Lakini anayeombwa athibitishe kwamba ni yeye anathibitisha kwa simu, na mimi, kwa mujibu wa mfumo, ni namba ya baba.

Niliwapigia watu wa msaada. Walinijibu kwa adabu kwamba ninaweza kubadilisha namba, ila tarakimu za ruhusa zitatumwa kwenye namba ya zamani. Nikawaeleza mwenye namba amefariki. Wakasema basi niende kwa watu wa mtandao wa simu nikapewe laini mpya yenye namba hiyohiyo. Nilikwenda. Pale dirishani dada mmoja aliniambia laini imesajiliwa kwa alama ya kidole, kwa hiyo mwenye kidole aje. Nilipomwambia alipo mwenye kidole alinipa pole, akamwita anayefuata. Kwa njia ya msimamizi wa mirathi inawezekana, lakini huo ni mwaka mzima wa kwenda mahakamani.

Jambo jingine. Laini isipotumika kama miezi mitatu hufungwa, na baadaye huuzwa kwa mtu mwingine. Baba alifariki katikati ya Januari. Hesabu unaijua.

Kwa hiyo siombi tena nipewe simu. Ibaki hapo. Ninaomba uiwashe wewe kwa dakika kumi, siku moja, saa tutakayopatana. Tarakimu zinaishi dakika kumi tu, kisha hazifai kitu.

Mwanao,
Eufrasia


Murangi,
21 Aprili 2025
Jumatatu ya Pasaka

Mwanangu Eufrasia,

Marahaba, na heri ya Pasaka. Kristo amefufuka. Yule mbuzi dhaifu amekufa, mwenzake anaruka. Mvua imebomoa choo cha jirani, sasa wanakuja kwetu na wanashukuru kila mara wakitoka, mpaka inachosha. Kanisani walikuulizia. Nilisema una kazi nyingi.

Isidori alikuja kula sikukuu, amefunga biashara yake ya dagaa huko Mwigobero, Musoma, siku mbili. Nilingoja ashibe ndiyo nikamweleza habari ya simu. Alicheka. Alisema, "Marehemu hafanyiwi usaili." Nikamwambia marehemu hafanyiwi lakini mwanawe anafanyiwa, na tangu lini tukamzika mtu pamoja na mtoto wake. Akaacha kucheka. Alisema kama unaitaka njoo mwenyewe uombe mbele yake, si kujificha kwenye karatasi. Nilimwambia huna nafasi. Sijui kama nilisema kweli.

Tuligombana kidogo, halafu akasema wewe Tabitha ndiye mkubwa, fanya unavyoona, ila simu isitoke mlangoni kabla ya siku ya kugawa. Siku yenyewe tumeiweka Septemba, watu wakiwa wamevuna.

Nimeona hivi. Simu haitatoka. Nitaishika mimi, ndani ya chumba chake, mlango umefungwa. Jumamosi tarehe kumi Mei, saa nne asubuhi. Wewe bonyeza huko, mimi nitasoma huku, nitakupigia. Najua nilisema neno la marehemu halisemwi kwenye simu. Namba sita si neno.

Ujumbe mwingine ulioingia sitaufungua. Huo ni wake, utasomwa mbele ya watu siku hiyo. Hizo namba zako zitaingia nikiwa nimeishika, basi ni za kwangu kuzisoma. Usibishe, nimeshafikiri.

Laini haitakufa. Usiniulize najuaje.

Shangazi yako,
Tabitha


Murangi,
11 Mei 2025

Eufrasia,

Habari za nyumbani ni nzuri.

Jana saa nne nilikuwa chumbani kama tulivyopatana. Saa nne na kidogo simu ikalia, ujumbe ukaingia, nikavaa miwani. Nilikupigia hukupokea. Nikapiga tena. Nikapiga mara ya tatu mpaka yule dada wa kwenye simu akaniambia unayempigia hapokei, kana kwamba sijui.

Nimefikiri labda umeme ulikatika, au mteja alikusumbua. Kwa hiyo namba zako hizi hapa, nimeziandika zisipotee:

4 0 7 7 1 2

Nimezilinganisha mara mbili na kioo. Eliud nimemwambia ni barua ya haraka, asiiweke kwenye kioo cha gari.

Shangazi yako


Bunda,
19 Mei 2025

Shangazi, shikamoo.

Barua imefika kwa siku tano tu, Eliud amejitahidi. Mimi ni mzima. Nimezisoma tarakimu. Zilikuwa zimekwisha kabla hujavua miwani, kama nilivyokuandikia, lakini asante kwa kuziandika. Karatasi nimeiweka.

Umeme haukukatika. Nilikuwa mbele ya kompyuta tangu saa tatu. Nilibonyeza saa nne kamili. Nilitegemea simu yangu itaita na jina lako litatokea. Iliita, na kwenye kioo kukaandikwa Baba.

Sikupokea. Kila siku ninawaambia wateja wasiache simu mbali, dakika kumi si nyingi, usiongee na mtu, soma andika. Nilikaa nikiitazama. Ilinyamaza, ikaita tena, ikanyamaza. Mayala alikuwepo anasubiri barua yake ichapwe. Aliniuliza kama huyo ni mchumba ninayemkimbia. Nikamjibu ndiyo.

Sina maelezo zaidi ya hayo. Ninajua jina ni maandishi niliyoyaweka mimi mwenyewe na simu haiwezi kujua nani ameishika. Ninalijua hilo vizuri kuliko watu wengi hapa mjini.

Naomba tujaribu tena. Kwenye kundi letu la walioomba uvuvi kuna watu wa Geita na Ukerewe ambao tayari wameitwa. Usaili wao ni mwishoni mwa Juni. Safari hii, tafadhali, tarakimu zisome kwenye simu yake lakini unipigie kwa simu yako.

Mwanao,
Eufrasia


Murangi,
1 Juni 2025

Mwanangu Eufrasia,

Marahaba. Leo nimetoka misa ya kwanza, nakuandikia kabla sijapika. Mahindi yamekomaa, nyani wameyaona kabla yetu. Isidori ameumwa malaria, amepona, anagombana na watu kama kawaida.

Uliniomba nitumie simu yangu. Sitaitumia.

Nilikwambia usiniulize najuaje kwamba laini haitakufa. Sasa nakwambia. Tangu wiki ile watu walipotawanyika, kila Jumapili baada ya misa nafungua sanduku. Naitoa simu, naipeleka kwa Stanislausi dukani ananichajia, namwambia ni yangu ya pili. Nikirudi nafunga mlango, nakaa kwenye kitanda chake, naiwasha, najipigia. Yangu inaita juu ya stuli. Inaandika Paschal, jina la baba yako. Naiacha iite, halafu naipokea. Sisemi kitu, na huko hakuna anayesema kitu. Nasikia chumba tu. Halafu nazima, narudisha, nafunga.

Kwa hiyo ufunguo niliopewa niutunze nimekuwa nautumiaga. Isidori hajui. Padre hajui. Laini iko hai kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya kazi yako, mambo ya kazi sikuyajua.

Jumapili ya kwanza mimi pia sikupokea.

Nilijua jina gani litakuja kwenye kioo chako. Sikukosea kubonyeza. Wewe ulikuwa unasomewa namba na simu ile, na kama kuna mara ya mwisho ya kusomewa, basi isomwe na simu ile. Nikitumia yangu utaandika haraka, utamaliza, na Murangi hutakuja kabisa.

Jumamosi tarehe kumi na nne, saa nne. Nitakuwa chumbani. Ukitaka kazi, pokea.

Shangazi yako,
Tabitha


Bunda,
2 Julai 2025

Shangazi, shikamoo.

Natumaini nyani wamewaachieni kiasi cha ugali. Gody ananunua mashine ya pili ya kuchapa. Mayala ameitwa kwenye usaili wa benki moja, atafanyiwa kwa video kwenye simu, ameniomba ile shuka nyeupe aitundike nyuma yake.

Ile Jumamosi yaliyotokea unayajua, kwa sababu tulikuwa wote. Lakini hukuona upande wangu, kwa hiyo nakuandikia.

Ilipoandika Baba niliiacha iite mara mbili kisha nikapokea. Hukunisalimia. Nilidhani utanisalimia na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Ulisoma tarakimu moja moja, kwa kuvuta, ukarudia kama alivyokuwa anarudia. Sijui kama ulifanya kusudi au ni namna ya watu wa nyumba ile kuhesabu. Niliandika. Ukurasa ukafunguka.

Nilikuwa nimeitwa. Barua ya wito ilikuwa humo tangu Mei, usaili tarehe ishirini na nane Juni, Musoma. Niliichapa nakala mbili.

Kisha nikaenda mahali pa kubadilisha namba, kwa sababu hatuwezi kuishi hivi. Niliandika yangu. Mfumo ukaniuliza kama nina hakika, kwamba namba ya zamani itaondolewa na haitarudishwa. Wewe ulikuwa bado hewani. Nilikusikia ukipumua na kuku nje. Nikabonyeza ndiyo. Ukasema, "Tayari?" Nikasema tayari. Ukakata.

Usaili nilikwenda. Tulikuwa wengi, tumejaa kwenye ukumbi na wengine chini ya turubai nje. Wote tulifika pale kwa simu, na mlangoni simu zilichukuliwa, zikatiwa kwenye viroba na kila mtu akapewa kipande cha karatasi chenye namba. Watu hawakujua mikono waiweke wapi. Kijana mmoja kutoka Butiama alisema amejisikia kama amevuliwa suruali.

Mchana tuliofaulu maandishi tuliingia kwa mahojiano, na hapo walikuwepo watu watatu, watu kabisa, mmoja anakula karanga. Yule wa katikati aliniuliza nitafanya nini nikimkuta ndugu yangu na nyavu haramu. Nilimjibu nitazikamata, nitaandika jina lake, na kesi itakwenda kama za wengine. Aliuliza kama ninaye ndugu mvuvi. Nikasema nilikuwa naye. Akaandika kitu. Hawakuniuliza swali jingine juu ya hilo.

Nilipotoka nilishuka hadi Mwigobero. Baba mdogo alikuwepo anapimia watu dagaa kwa kopo, amekonda kweli. Nilisimama upande wa mitumbwi. Sikumwita.

Mwanao,
Eufrasia


Butiama,
7 Septemba 2025

Shangazi, shikamoo.

Unisamehe kwa ukimya. Ninaandika kutoka Butiama. Nimepata.

Ujumbe uliingia Agosti, kwenye namba yangu. Nilikuwa ninamjazia mtu fomu na simu ilitikisika juu ya kaunta, nikaona mwanzo wa maneno. Nilimaliza fomu ya yule mtu kwanza, nikampigia muhuri, nikampa chenji yake. Halafu nikaenda nyuma ya duka nikausoma wote. Ulikuwa na mistari mitatu. Nilisubiri nione nitampigia nani. Nikarudi kaunta.

Nimepanga chumba kimoja. Maji yanatoka siku moja moja. Mkuu wangu wa kazi ni mzee mpole, alinipokea akaniambia jina langu halikuwa limefika kwenye orodha yake ila limefika kwenye simu yake. Nimekwenda ziwani mara mbili kukagua mialo, pale mitumbwi inaposhushia samaki. Wavuvi wananiita afisa na wanafunika nyavu. Mmoja aliniuliza mimi ni wa wapi. Nilipomwambia Murangi alisema basi wewe huwezi kudanganywa, na akafunua.

Gody amemchukua Mayala kukaa kwenye nafasi yangu dukani. Benki haijamjibu.

Najua siku ya kugawa vitu ni tarehe ishirini. Sijui kama nitapata ruhusa, ni mgeni kazini.

Mwanao,
Eufrasia


Murangi,
28 Septemba 2025

Mwanangu Eufrasia,

Marahaba, na hongera. Nimeisoma barua yako mbele ya jirani zetu, wakapiga vigelegele kwenye choo chetu na nje ya choo. Nimekuombea misa, padre ataisema wiki ijayo. Mguu ni uleule. Mbuzi aliyebaki sasa ni mkubwa, ni wako, wamekugawia.

Hukuja. Nilisema umeripoti kazini juzi tu na serikali haina msiba. Watu wamekubali.

Sanduku lilifunguliwa baada ya chakula. Koti amepewa Isidori, limembana mabegani lakini amelivaa siku nzima kwenye jua. Redio imeenda kwa ndugu zetu wa Nyegina. Kofia imekaa na mimi. Halafu wakaiwasha simu wausome ujumbe wake, kama nilivyokuandikia. Walishangaa ina chaji. Nikatazama pembeni.

Isidori alisoma mwenyewe, kwa sauti, amesimama. Alisoma wa kwanza, Eufrasia Paschal, ombi lako limepokelewa. Wa pili, Eufrasia Paschal, kamilisha taarifa zako. Wa tatu Eufrasia, wa nne Eufrasia, unaitwa kwenye usaili, fika na vyeti halisi. Alisoma wote mpaka mwisho, na ulikuwa mwingi, mwingine wa mwaka juzi. Hakukuwa na hata mmoja uliokuwa wa kwake. Alipomaliza aliketi chini na koti lile. Baadaye alisema, "Kumbe alikuwa anaomba kazi huyu." Jioni wakati anaondoka aliniambia lile neno alilokujibu siku ya tatu, angelijua hili, asingelisema. Nimekuletea kama alivyolisema, sijaongeza.

Simu hakuna aliyeitaka. Kila mtu ana yake, na ile ni ndogo, haina picha. Wakasema abaki nayo Tabitha. Kwa hiyo sasa ni yangu kwa haki na ufunguo nimeurudisha. Isidori amenikumbusha kwamba laini isipotumika itafungwa, wauziwe wengine. Nilimwambia najua.

Mimi nimechoka kujipigia mwenyewe. Kuanzia Jumapili ijayo, nikitoka misa nitakuwa nakupigia wewe. Sina habari kubwa, utasikia chumba na kuku. Jina litakuwa lilelile.

Upokee.

Shangazi yako,
Tabitha